Ngazi Iliyoachwa Wazi

Katika Chuo Kikuu cha Jimbo cha San José, huko California, Marekani, tangu mwaka 2005 imesimama sanamu ya wanariadha wawili waliosoma hapo, Tommie Smith na John Carlos. Wameinamisha vichwa, kila mmoja ameinua ngumi yenye glavu nyeusi. Miguuni wana soksi tu, alama ya umaskini wa watu weusi. Ndivyo walivyosimama Mexico City mwaka 1968, wakafukuzwa katika Michezo ya Olimpiki.

Ngazi ya mshindi wa pili ni tupu. Asiyejua hudhani Peter Norman, Mzungu wa Australia aliyevaa beji ya kuwaunga mkono, amedharauliwa. Kumbe aliomba mwenyewe asiwekwe, ili yeyote apendaye apande asimame hapo. Alipofariki mwaka 2006, Smith na Carlos walikwenda Australia kulibeba jeneza lake.