Pwani ya Port Shepstone: Mkono wa Mvuvi Hufika Wapi?

Msomaji mpenzi, leo nataka tusafiri pamoja mpaka Afrika Kusini, katika jimbo la KwaZulu-Natal. Usiogope nauli, maana safari yetu ni ya kusoma tu. Tutakwenda kando ya Bahari ya Hindi, ileile inayopiga pwani ya Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Huko utaona jambo lililoanza kama mchezo wa vijana, likaishia mbele ya jaji. Jambo lenyewe ni hili: chambo kipelekwe baharini kwa njia gani?

Ukiondoka Durban asubuhi kwa basi dogo, ambalo wenyeji huliita teksi, utakwenda kusini kiasi cha kilomita 120. Mkono wako wa kulia utaona vilima vya miwa, kilima nyuma ya kilima, na mkono wa kushoto bahari. Reli nayo yafuatana na pwani. Utavuka mito mingi, na mwisho utaufikia mto mpana wa Mzimkhulu, unaotelemka kutoka milima ya Drakensberg. Ng'ambo yake ndiko kuliko mji wa Port Shepstone. Karibu na mdomo wa mto umesimama mnara wa taa wenye miraba nyeusi na nyeupe, kama ubao wa drafti.

Shuka sasa mpaka mchangani, ukayatazame mawimbi. Huku kwetu, mahali pengi, matumbawe huyavunja mawimbi mbali, na mvuvi hupita ndani kwa ngalawa yake bila taabu kubwa. Kule hakuna ukuta wa matumbawe wa namna hiyo. Wimbi latoka bahari kuu na kuja kuvunjika karibu na miguu yako, na nyuma yake linakuja jingine. Ndiyo maana mtu asiye na mashua yenye injini husimama mchangani na kurusha mshipi kwa ufito mrefu, wa futi 13 au 14. Mtu mwenye nguvu na ujuzi aweza kuirusha chubwi yake mita 100 na zaidi. Mtu wa kawaida hafiki huko.

Mimi nilifika hapo mara ya kwanza mwezi wa Juni mwaka 2019. Juni na Julai ni miezi ya baridi kule, na ndiyo miezi ya dagaa. Maji ya baridi yanapopanda kutoka kusini, makundi makubwa ya dagaa huyafuata kandokando ya pwani, na nyuma yao huja pomboo, papa na ndege weupe wanaojitupa majini kama mawe. Mwaka ukiwa mzuri, wavuvi hulizungushia kundi juya na kulivuta mpaka mchangani. Hapo watu wote hukimbilia majini, wenye ndoo na wenye vikapu, na asiye na chombo hukinga nguo yake.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha sukari. Tulikwenda pwani kabla ya jua kuchomoza. Alitoa dagaa mmoja katika mfuko, akampitisha kwenye ndoana, kisha akamzungushia uzi mwembamba unaonyumbuka, duru baada ya duru. "Mwanangu," aliniambia, "usipomfunga vizuri, wimbi la kwanza litamla kabla ya samaki." Akaingia majini mpaka magotini, akautupa ufito nyuma, akarusha. Niliona kwamba bega lake la kulia lilimwuma, lakini hakusema neno.

Kufika saa mbili alikuwa amepata samaki wawili waitwao shad, ambao wenyeji huwapenda sana wakiwakaanga. Sheria ya huko humruhusu mvuvi wa namna yake samaki wanne wa aina hiyo kwa siku, wasiopungua sentimita 30, na katika miezi ya Oktoba na Novemba haruhusiwi kumchukua hata mmoja. Tena, mwenye kibali cha uvuvi wa burudani haruhusiwi kuuza samaki wake. Anayempata humla nyumbani au humgawia jirani.

Ndipo wakaja vijana watatu. Waliacha gari juu barabarani, kwa kuwa tangu mwaka 2002 ni marufuku kuendesha magari ya burudani katika fukwe za nchi ile. Walishuka wamebeba nyuzi nene za kuvulia na sanduku moja jeusi. Ndani yake mlikuwa na droni, yaani kile chombo kirukacho kisicho na rubani, chenye mapanga manne yanayozunguka na kamera tumboni. Bila shaka umekwisha kuona kimoja kikipiga picha harusini au kwenye mkutano.

Huenda wajiuliza, chombo cha picha chavuaje samaki? Sikiliza. Chini ya droni hutiwa kibanio kidogo. Kijana aliuning'iniza hapo mshipi wenye ndoana na chambo kikubwa, kisha mwenzake akalifungua gurudumu la ufito ili mshipi ukimbie bila kizuizi. Droni ikapaa, ikayapita mawimbi yote, ikaendelea mpaka ikawa kama nzi angani. Kijana alikuwa akitazama kioo mkononi mwake, akaona kutoka juu fungu la mchanga liko wapi na maji ya kina yanaanzia wapi. Alipopendezwa na mahali, alikishusha chombo karibu na maji, akabonyeza kitufe, na chambo kikaanguka. Walisema ni mita 400 kutoka ufukweni. Droni ikarudi kama njiwa, na yote hayo hayakuchukua dakika kumi.

Siwezi kukudanganya, msomaji. Nilistaajabu, tena nilifurahi. Hata mzee alicheka akasema, "Hawa hawaumwi bega."

Baada ya muda ufito ulipinda. Kijana alivuta, akapumzika, akavuta tena, na mwenzake akampokea. Kumbuka kwamba samaki yule alikuwa na mita 400 za kuburutwa, na kila mara aliposogea karibu alikimbia tena. Ilipita karibu nusu saa. Mwisho alitokea katika povu kob mkubwa wa rangi ya fedha, mrefu kuliko mkono wa mtu mzima. Walimpima, wakapiga picha, kisha wakamrudisha majini wakisema wanavua kwa mchezo tu. Nadhani nia yao ilikuwa njema. Lakini samaki aligeuka ubavu, wimbi likamrudisha mchangani, wakamsukuma tena, akapotea. Mzee alitazama bila kusema kitu. Kisha aliuliza kwa sauti ndogo, "Yule ataishi?"

Swali hilo ni kubwa kuliko linavyosikika, nami yafaa nikueleze habari za samaki yule. Kob mchanga hukaa katika midomo ya mito na maji ya karibu. Hukua polepole. Hazai mpaka afikie urefu wa karibu mita moja, na kwa hiyo huhitaji miaka mitano au sita, au hata zaidi. Asipouawa aweza kuishi hata miaka 40. Wataalamu wa Afrika Kusini walipofanya hesabu katika miaka ya 1990, waliona kwamba wazazi waliobaki hawakufika sehemu 5 katika kila 100 za wale ambao wangalikuwapo kama samaki huyu asingalivuliwa kabisa. Basi kila mzazi aliyebaki ni akiba.

Sasa fikiri jambo hili. Kwa mvuvi anayesimama mchangani, maji yaliyo nyuma ya mawimbi yalikuwa mbali mno. Mahali pengi hapakuwa na sheria iliyomzuia kuvua pale, wala bango, wala askari. Mpaka ulikuwa mkono wake mwenyewe. Chubwi ilipoanguka, uvuvi wa mchangani ulikwisha hapo, na samaki aliyekuwa mbele zaidi alistarehe, ingawa wenye mashua waliweza kumfuata. Droni ilipokuja iliufuta mpaka huo kwa siku moja. Tena humpa mtu macho ya ndege, akaona kilichofichika tangu zamani. Kuna na hasara nyingine: mshipi ukikatika mbali, mita mia kadhaa za uzi usiooza hubaki baharini, zikawanasa ndege na kasa.

Serikali ya Afrika Kusini iliona uvuvi huu unaongezeka. Mwezi wa Februari mwaka 2022 idara inayosimamia uvuvi ilitoa tangazo kwamba kuvua kwa droni, kwa vijimashua vya kuongozwa kutoka mbali, na kwa magurudumu ya mshipi yanayozungushwa na umeme ni marufuku kwa wavuvi wa burudani. Atakayekamatwa aweza kushtakiwa na kunyang'anywa vyombo vyake.

Usidhani watu wote walipiga makofi. Palikuwa na makampuni yaliyotengeneza na kuuza vyombo hivyo, yenye wafanyakazi wanaolisha watoto wao kwa kazi hiyo. Waliona mlango umefungwa mbele yao, wakaenda katika Mahakama Kuu ya Pretoria. Walisema kwamba sheria haikuitaja droni mahali popote, basi itakatazwaje? Kwa kweli sheria yenyewe ni ya mwaka 1998, wakati droni za namna hii hazikuwapo madukani.

Mahakama ilitoa hukumu mwezi wa Aprili mwaka 2022, na madai yao yakakataliwa. Sababu kubwa ilikuwa neno moja tu. Kanuni za uvuvi wa nchi ile hueleza kwamba uvuvi wa ndoana kwa burudani ni kutumia ufito, gurudumu na mshipi kwa mkono. Kibali anachopewa mvuvi ni cha kuvua kwa njia hiyo, na njia nyingine haimo. Basi haikuwa lazima sheria itaje kila chombo kitakachobuniwa duniani. Ilitosha kusema "kwa mkono".

Yafaa nikuambie pia kwamba si nchi zote zilizokata shauri hivyo. Huko New Zealand watu wa pwani wamezoea tangu zamani kupeleka mishipi yao mbali kwa kijichelezo kidogo kinachoitwa kontiki, jina lililotokana na chelezo cha Thor Heyerdahl wa Norway, aliyevuka nacho bahari ya Pasifiki mwaka 1947. Wao wameweka mpaka katika idadi: mtu mmoja hapewi zaidi ya ndoana 25 katika mshipi wa namna hiyo. Kila nchi yatafuta kipimo chake, lakini hakuna inayoweza kukaa bila kipimo.

Mimi mwenyewe nilitikiswa na neno moja la upande wa pili. Wapo waliosema, "Je, mzee asiyeweza tena kurusha? Je, kilema? Droni haikuwa mkono wake?" Hoja hiyo si ya kuchekwa. Nilipoisoma nilikumbuka bega la mwenyeji wangu.

Nilirudi Port Shepstone mwezi wa Juni mwaka 2023. Mnara ulikuwa palepale, na mawimbi yaleyale. Mzee alikuwa amedhoofika. Asubuhi ile sikuona droni angani. Tulishuka pwani polepole, na safari hii tulikuwa na mjukuu wake wa miaka kumi na minne. Nilimwuliza mzee kama hakutamani siku moja kutumia chombo kile, hasa sasa ambapo mkono wake wa kulia haukupanda tena juu ya kichwa.

Alifikiri kidogo. "Nilitamani," akajibu. "Mtu akuambiaye kwamba hatamani ni mwongo. Lakini mimi nikifika mita 400, na huyu naye afike, na wote wanaokaa Durban wafike, huyo samaki mkubwa atakwenda kupumzika wapi?"

Msomaji, huenda wewe hukai karibu na bahari. Huenda wakaa kando ya Ziwa Victoria, ukawaona wenye nyavu za matundu madogo wakikusanya hata vifaranga. Au umezaliwa Kigoma, ukakumbuka mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulipofungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, na jinsi sufuria zilivyokosa mgebuka na dagaa. Zamani uchache wa watu na ufupi wa nyavu ulikuwa ukiwapa samaki nafasi, wala hakuna aliyeshukuru kwa sababu hakuna aliyejua. Sasa vyombo vimekuwa virefu kuliko mikono yetu, na ile nafasi hatuna budi kuiacha kwa kupenda, tukijua gharama yake. Anayelipa kwanza si tajiri mwenye chombo. Mara nyingi ni mtu kama mzee yule, mwenye bega bovu na sufuria tupu.

Asubuhi ile mzee aliketi juu ya ndoo yake, akamfunga dagaa kwa uzi, duru baada ya duru, akampa mjukuu. Kijana aliingia majini mpaka magotini, akarusha. Chubwi ilianguka karibu, katika wimbi la pili.

"Miguu yako mbali kidogo," mzee alimwambia. "Rusha tena."