Gari langu halina injini, ila bima inasema ni cc 1500

Nimerudi. Najua nimekuwa kimya miezi kadhaa, na wengine mliuliza kama nimeacha kuandika. La hasha. Nilikuwa nikigombana na bima ya gari, na ugomvi huo ulinifundisha jambo la kompyuta ambalo chuo kikuu hakikunifundisha. Kaeni vizuri, kisa ni kirefu kidogo.

Kwa wasionijua, mimi ni mtengenezaji wa programu, naishi Ukunda na kazi yangu naifanyia nyumbani kwa laptopu. Mwaka 2023 nilinunua Nissan Leaf ya mwaka 2016, mtumba kutoka Japani, yenye betri ya kilowati-saa 30. Bei ilikuwa shilingi 1,450,000, na sehemu kubwa ni mkopo wa Sacco. Mtaani walinicheka sana. "Umeme ukipotea utalisukuma?" Mjomba wangu, dereva wa matatu wa miaka mingi, alilizunguka mara mbili, akafungua boneti, akafunga, akasema, "Mwanangu, hili ni friji lenye magurudumu."

Sikulinunua kwa kujionyesha. Mama anaishi Kikoneni, ndani kidogo ya barabara kuu, na kila mwezi ana kliniki ya sukari hospitali ya Msambweni. Zamani alikuwa akipanda bodaboda kisha matatu, na kurudi hivyo hivyo, akifika nyumbani amechoka kuliko alivyotoka. Sasa namfuata mimi. Naenda, namchukua, namngoja, namrudisha, nachomeka gari kwenye soketi ya sebuleni kwake tukila, halafu narudi Ukunda.

Tena hesabu zilikubali. Gari hili linakula kama uniti 18 kwa kilomita 100, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Hiyo ni karibu shilingi 500. Gari dogo la petroli kwa mwendo huo huo lingekula karibu shilingi 1,500. Mimi huenda kama kilomita 12,000 kwa mwaka, kwa hiyo nabakiza karibu shilingi 120,000. Tangu mwaka 2019 serikali pia ilishapunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Nilijiona mjanja.

Kitu kimoja tu sikukipigia hesabu. Ndiyo, bima.

Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya thadi pati, ile inayomlipa mtu uliyemuumiza. Lakini Sacco nayo ilidai bima kubwa, inayolipia na gari lenyewe, mpaka mkopo uishe. Kwa hiyo sina njia ya kukimbilia thadi pati mambo yakiwa magumu. Nikafika kwa ajenti wa kampuni moja ya bima, mama mmoja mcheshi ambaye mimi humwita dada. Akafungua fomu kwenye kompyuta yake, tukajaza jina, namba ya gari, thamani. Tukafika pahali pa ukubwa wa injini.

"Cc ngapi, mdogo wangu?"

"Halina injini, dada. Ni la umeme."

Akaandika sifuri. Mfumo ukakataa, maandishi mekundu. Akaacha wazi. Mfumo ukakataa. Kwenye aina ya mafuta kulikuwa na petroli na dizeli, basi. Akaniangalia, akaangalia foleni nje, akasema, "Tuweke 1500 petroli, mfumo usitusumbue. Nakala ya logibuku si ninayo?" Logibuku yangu imeandikwa wazi kwamba gari ni la umeme.

Mimi nilicheka. Jamani, mimi kazi yangu ni kuandika fomu kama hizo! Nimewahi kuweka alama ya "lazima" kwenye sehemu nyingi bila kujiuliza mtu asiye na jibu atafanya nini. Sasa nimejua atafanya nini. Ataandika uongo ili apite.

Ada ikatoka asilimia 4 ya thamani, yaani shilingi 58,000. Ongeza tozo ya mafunzo asilimia 0.2 ya ada, mfuko wa kuwafidia wenye bima asilimia 0.25, na stempu shilingi 40. Jumla 58,301. Mwaka 2024 thamani ikashuka hadi 1,300,000, nikalipa 52,274. Mwaka huo huo ndipo Mswada wa Fedha ulipotaka kila gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000, na makampuni ya bima ndiyo yawe wakusanyaji. Kwangu ingekuwa 32,500 juu ya bima. Pendekezo lile liliondolewa Juni, na mswada mzima ukaanguka baada ya maandamano. Nikapumua. Nikadhani mabaya yamepita.

Kisha likaja jiwe.

Nilikuwa narudi kutoka kwa Mama, jioni, mvua imeshachimba barabara. Nikasikia kishindo chini ya miguu yangu. Kwa gari la petroli ungesema aah, ni sampu, fundi ataziba. Kwa Leaf, chini ya miguu yako ni betri. Nilisimama pembeni na mapigo ya moyo yanakimbia, nikalala chini na tochi ya simu. Bamba la chini limebonyea kama sahani ya bati.

Nikatuma madai. Kampuni ikaleta mkaguzi kutoka Mombasa. Alifungua boneti kutafuta namba ya injini ailinganishe na karatasi yake. Akatafuta, akatafuta, akavua miwani.

"Kijana, injini iko wapi?"

Sikujua nicheke au nilie. Wiki mbili baadaye ikaja barua kwamba gari lililokatiwa bima ni la petroli cc 1500, na gari lililokaguliwa si hilo. Madai hayalipwi. Nikalipa mwenyewe shilingi 18,000 kwa fundi. Lakini si hizo 18,000 zilizoninyima usingizi. Nilijiuliza, je, ningekuwa nimegonga na gari likaisha kabisa, na mkopo ungali pale? Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikimbeba Mama ndani ya gari ambalo bima yake ilikuwa karatasi tu.

Mwaka 2025 nikarudi kwa dada, nikamwambia safari hii tuseme ukweli. Akapiga simu makao makuu. Jibu likaja asilimia 7. Thamani imeshuka hadi 1,150,000, ada imepanda hadi 80,500, na pamoja na tozo ni 80,902. Yaani gari limekuwa la bei rahisi, bima imekuwa ghali. Nyongeza ya 28,628 inakula karibu robo ya ile faida ya umeme niliyokuwa nikijisifia.

Kwa nini lakini? Nilitumia usiku kadhaa kusoma, na ukweli ni kwamba si Kenya peke yake. Uingereza mwaka 2023 ada za magari ya umeme zilipanda kwa kasi kuliko za petroli, hata John Lewis wakasimamisha kwa muda kuyauzia bima. Kituo cha utafiti cha Thatcham kilitoa hesabu mwaka huo kwamba kutengeneza gari la umeme baada ya ajali hugharimu kama robo zaidi na huchukua asilimia 14 ya muda zaidi. Sababu kubwa ni betri. Ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko vyote, kimefungwa ndani ya sanduku, na likigongwa hata kidogo mkaguzi hana njia ya kuapa kwamba ndani ni salama. Basi anaandika gari limekwisha.

Huku kwetu ongeza joto. Leaf kama yangu haina maji ya kupoza betri, na mwaka 2012 wenye magari hayo kule Phoenix, Marekani, walilalamika kwamba betri zinachoka upesi kwa sababu ya jua kali. Pwani yetu si Phoenix, lakini mtu wa bima aliyekaa ofisini akisikia "Ukunda" anaona jua tu. Ongeza na uchache wa mafundi. Ongeza na uchache wa madai yaliyokwisha kulipwa, maana magari mengi ya umeme Kenya ni pikipiki, na bima hupigwa hesabu kwa yaliyopita. Pasipo na yaliyopita, wanakisia. Na mtu anayekisia kwa pesa zake hukisia juu.

Kwa hiyo nilielewa. Ile asilimia 7 haikuwa bei ya hatari ya gari langu. Ilikuwa bei ya wao kutolijua gari langu. Na asilimia 4 ya kwanza nayo haikuwa bei ya kweli. Ilikuwa bei ya gari ambalo halipo.

Hapo ndipo shetani alipokuja, naye alikuja kwa sauti ya rafiki. Jamaa mmoja akaniambia kuna ajenti Mombasa atakayeniandikia petroli tena, asilimia 4, hakuna maswali. Usinione mtakatifu, nilifikiria siku tatu. Shilingi elfu 28 ni pesa.

Kilichonizuia ni kesi ya zamani niliyokutana nayo nikisoma, ya Carter na Boehm, Uingereza, mwaka 1766. Bwana Carter alikatia bima ngome huko Sumatra, Wafaransa wakaiteka, na Boehm akakataa kulipa akisema hakuambiwa udhaifu wa ngome. Jaji Mansfield alisema bima hujengwa juu ya nia njema ya pande zote mbili. Mwenye mali ndiye anayejua mambo yake, kwa hiyo asifiche. Lakini akampa Carter ushindi, kwa sababu mwenye bima naye hawezi kulalamikia jambo alilopaswa kulijua mwenyewe. Nikafikiria nakala ya logibuku yangu iliyokaa miaka miwili kwenye faili lao, imeandikwa umeme.

Basi badala ya kusema uongo wa pili, niliamua kuwapa kile walichokosa. Gari lenyewe linajijua. Ukichomeka kidude kidogo cha Bluetooth chini ya usukani na kuweka programu ya LeafSpy kwenye simu, unasoma afya ya betri na volti za jozi zote 96 za seli, moja moja. Yangu imebaki na asilimia 78, na jozi zote 96 zimepishana milivolti chache tu, hata baada ya lile jiwe. Nikaandika kiprogramu cha kukusanya vipimo vya miezi minne, nikatoa kurasa mbili zenye mchoro. Nikaongeza picha za bamba jipya, risiti ya fundi, nakala ya logibuku, na barua fupi. Nilieleza kwamba kosa la cc lilitokana na mfumo wao usiokubali ukweli, nikaomba sababu za asilimia 7 kwa maandishi.

Zilipita wiki tatu. Mwishowe mtu wa makao makuu akanipigia, na maswali yake yalikuwa mazuri. Seli ikianza kufa mchoro huonekanaje? Nachaji wapi, kwa waya gani? Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwake kuona ndani ya lile sanduku. Wakashusha hadi asilimia 6, jumla 69,350. Si ushindi wa kupigiwa ngoma, bado ni ghali kuliko mwanzo. Zile 18,000 hazikurudi. Lakini nina barua inayosema gari hili ni la umeme na wanalijua.

Kama unafikiria kununua gari la umeme, chukua haya kwangu. Uliza bima kabla ya kununua, si baada. Soma cheti na fomu neno kwa neno, na kama fomu haina mahali pa ukweli wako, dai barua. Pima betri siku ya kwanza na uweke kumbukumbu, maana siku ya ajali utakuwa umechelewa. Uliza kwa maandishi kama betri imo ndani ya bima, na kama mafuriko yamo. Bei za betri zenyewe zinashuka. BloombergNEF ilikadiria wastani wa dola 139 kwa kilowati-saa mwaka 2023 na dola 115 mwaka 2024, kwa hiyo ukiambiwa betri haibadilishiki, uliza hesabu imepigwa kwa bei ya mwaka gani.

Na wewe mwenzangu unayeandika programu, pitia fomu zako wiki hii. Kila pahali ulipoweka "lazima", jiulize nani hana jibu la kweli. Mimi nilipitia zangu, nikakuta tatu. Nimezirekebisha.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka Mama Msambweni. Nilimweleza kisa chote njiani, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa likiharibika watalipa?" Nikamwambia ndiyo, Mama, sasa watalipa.

Ile fomu ya dada, kwa taarifa yenu, bado haikubali sifuri. Ameandika cc 1, na kwenye maelezo ameweka UMEME kwa herufi kubwa.