Bruxelles Hadi Paris: Safari ya Jamaa kwa Gari la Moshi

Jamaa nyingi za kwetu Kongo zina watu wao Ulaya. Mmoja anakaa Bruxelles, karibu na Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Ndugu yake anakaa Paris. Kati ya miji mikuu hiyo miwili pana kilometa 300 hivi, nao hukaa miaka bila kuonana. Ukiwauliza sababu, hujibu: «Nauli ya watoto wote tutaitoa wapi?» Basi, wasomaji wapenzi, leo twataka kuonyesha ya kuwa hata jamaa yenye mshahara mdogo yaweza kufanya safari hiyo, mradi baba na mama waipange mapema na kwa masikilizano.

Njia yenyewe ni ya zamani, kwa maana reli ya kuunganisha Paris na Bruxelles ilifunguliwa mwaka 1846. Siku hizi msafiri ana magari ya namna mbili ya kuchagua. Lipo gari la mbio, Eurostar, ambalo hadi mwaka 2023 liliitwa Thalys. Hilo hufika kwa saa 1 na dakika 22, na mtoto ambaye hajatimiza miaka 4 hupakatwa bila kulipiwa. Lakini wenye watoto wakubwa kadhaa huona bei yake ni mzigo. Tena lipo gari la mwendo wa kawaida, OUIGO, lililoanzishwa Desemba 2024 na mashirika ya reli ya Ubelgiji na Ufaransa. Lilianza kwa safari tatu kwa siku kila upande, nalo huchukua kama saa 3. Mwenda pole hajikwai.

Lilipoanzishwa, bei ya mtu mzima iliwekwa kati ya euro 10 na euro 59. Mtoto wa chini ya miaka 12 alilipa euro 8 siku zote. Tufanye hesabu ya baba, mama na watoto watatu. Wakinunua tikiti mapema kwa bei ya chini, wazazi watalipa 20 na watoto 24, jumla euro 44. Kwenda na kurudi, euro 88. Wakingoja mpaka wazazi wauziwe kwa bei ya juu, watalipa euro 142, na kwenda na kurudi euro 284. Tofauti ni euro 196. Kiti ni kile kile, mwendo ni ule ule. Kilichobadilika ni siku ya kununua tu. Kwa hiyo yafaa wazazi waketi pamoja na kalenda mara tu tikiti zianzapo kuuzwa, wakiepuka Ijumaa jioni na mwanzo wa likizo za shule, siku ambazo watu wengi husafiri.

Jambo la pili ni mizigo. Katika gari hilo la bei nafuu kila msafiri ana haki ya mfuko wa mkononi na sanduku dogo. Sanduku kubwa hulipiwa zaidi. Mama mwenye nia ya kurudi na unga na samaki wa kukaushwa kutoka masoko ya Château Rouge na ayahesabu hayo kabla ya kuondoka. Chakula cha njiani kitoke nyumbani.

Jambo la tatu ni zito kuliko yote: karatasi. Ingawa mpaka huo hauna lango la kusimamishia kila mtu, polisi waweza kuwauliza wasafiri hati zao ndani ya gari. Kila mtoto awe na hati yake mwenyewe. Shangazi asafiriye na watoto wa ndugu yake yafaa achukue barua ya ruhusa ya wazazi. Mzazi atokaye Kongo kwa viza ya Schengen aweza kufika miji yote miwili, lakini ahesabu siku alizopewa. Lakini mwenye cheti cha muda cha rangi ya chungwa, wapewacho Ubelgiji watu wanaongoja jibu la ombi lao la kukaa, hana ruhusa ya kuvuka mpaka kwa cheti hicho. Mtu huyo asijaribu bahati yake mbele ya watoto wake. Heri ndugu wa Paris, mwenye hati kamili, aje yeye Bruxelles. Upendo haupungui kwa sababu aliyesafiri ni mwingine.

Mkishuka Gare du Nord, tazameni juu ya mlango: kati ya sanamu za miji iliyoungwa na reli, Bruxelles imo. Kutoka hapo mwaweza kwenda kwa miguu hadi Sacré-Cœur ya Montmartre, ambako Sakramenti Takatifu huabudiwa usiku na mchana tangu mwaka 1885. Notre-Dame, iliyoungua mwaka 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, i karibu kwa gari la chini ya ardhi. Kuingia katika makanisa hayo mawili hakulipiwi.

Basi wazazi, tengeni kila mwezi fedha kidogo kwa safari hiyo. Watoto wanaokua bila kuwajua baba zao wadogo na mama zao wakubwa hupoteza urithi ambao hakuna duka la Ulaya liuzalo.