Ratili Moja kwa Juma

Katika Kiswahili mtu hukonda kwa maradhi, kwa njaa, kwa huzuni au kwa madeni. Kukonda humpata kama mvua impatavyo msafiri njiani. Kwa hiyo aliyepungua mwili huulizwa amepatwa na nini, na aliyenenepa huambiwa kuwa mahali alipo pamemkubali. Miaka ya 1980, UKIMWI ulipoanza kuenea katika Afrika Mashariki, wembamba wa ghafula ulizidi kutiliwa shaka, na hofu ile haijasahauliwa. Lakini liko neno jingine, kupunguza, ambalo lina mtendaji ndani yake. Kinachopungua huweza kupungua chenyewe. Kinachopunguzwa kina mtu aliyekusudia, aliyepima, na anayejua mahali pa kukoma. Umbali ulio kati ya maneno haya mawili ni umbali ulio kati ya kudhoofika na kujitawala. Mzee mmoja wa London, William Banting, aliupita umbali huo mbele ya macho ya watu, akaacha hesabu ya kila hatua.

Banting alizaliwa mwaka 1796. Kazi ya jamaa yake ilikuwa kusimamia mazishi ya wakubwa, na nyumba yao ndiyo iliyoshughulikia mazishi ya Duke wa Wellington mwaka 1852. Aliishi maisha ya heshima na utoshelevu, lakini mwili wake ulikuwa umemgeuka. Mwezi wa Agosti 1862 alikuwa na uzito wa ratili 202, yaani kilo 92 hivi, naye kimo chake ni futi 5 na inchi 5 tu. Hakuweza kuinama kufunga viatu vyake mwenyewe. Ngazi alizishuka kinyumenyume, taratibu, ili kuyapunguzia mateso magoti na vifundo vya miguu. Maumivu hayo aliyavumilia. Asiloweza kulizoea ni ulimi wa watu. Barabarani, mikutanoni na katika magari ya abiria alisikia dhihaka, hata akaanza kuepuka mahali penye watu. Mtu aliyewasindikiza watukufu kaburini kwa taadhima alikosa taadhima ya kupita njiani kwa amani.

Isidhaniwe kuwa alikuwa mvivu. Aliposhauriwa kufanya mazoezi, alipiga makasia kila alfajiri. Nguvu zikaongezeka, na hamu ya chakula ikaongezeka pamoja nazo, hata uzito ukazidi. Alipanda farasi, akaogelea baharini, akanywa maji ya chemchemi za dawa, akaketi katika hamamu za Kituruki, akameza dawa za kila namna. Katika hizo, nyingine hazikumfaa kitu, na nyingine zilimpunguza kidogo kisha uzito ukarudi. Waliomhukumu njiani waliuona mwili wake. Miaka ya juhudi hawakuiona. Hukumu kama hiyo hutolewa kila siku, na aghalabu mwenye kuitoa hajawahi kujaribu hata nusu ya yale aliyoyajaribu mwenye kuhukumiwa.

Msaada ulitoka mahali pasipotazamiwa. Masikio yake yalipoanza kuwa mazito alikwenda kwa tabibu wa masikio, William Harvey. Huyu alikuwa amesikiliza mafundisho ya Claude Bernard huko Paris juu ya ini na sukari, akakisia kuwa ugonjwa wa masikio ulitokana na unene. Alimkataza mkate wa kawaida, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Akamwachia nyama, samaki, mboga, matunda kidogo, kipande kidogo cha mkate mkavu, na divai. Taratibu ile si ya kuigwa yote leo, hasa wingi wa nyama na kileo, na matabibu wa wakati ule waliibishania sana. Faida ya kisa hiki kwa msomaji haimo katika sahani ya Banting. Imo katika mizani yake.

Kila baada ya majuma matatu hivi alijipima na kuandika. Mara alipungua ratili mbili, mara tatu, mara nne. Hakuna mahali katika orodha ile palipo na ajabu. Baada ya mwaka mmoja alikuwa na ratili 156. Zilikuwa zimetoka ratili 46, kilo 21 hivi, nayo ni pungufu ya ratili moja kwa juma. Kwa siku moja kiasi hicho hakionekani kwa macho. Glasi moja ya maji ina uzito zaidi yake. Lakini alishuka ngazi akitazama mbele, akasikia vizuri, akafunga viatu vyake. Mwaka 1863 alipiga chapa barua juu ya unene kwa gharama yake mwenyewe, akaigawa bure, kwa kuwa aliona haya kuficha njia iliyomwondolea haya. Baadhi ya waganga walimcheka kwa kuwa hakuwa mwenzao. Jina lake hata hivyo liliingia katika lugha: kwa Kiswidi, hata leo, mtu anayepunguza mwili husemwa kwa kitenzi banta. Banting alifariki mwaka 1878, mwenye umri wa miaka 81.

Elimu ya baadaye imeongeza jambo ambalo yeye hakulijua. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani juu ya watu 3,234 waliokuwa karibu kupatwa na kisukari. Kundi moja liliwekewa shabaha ndogo: kupunguza sehemu 7 katika kila 100 za uzito wao, na kutembea au kujizoeza dakika 150 kwa juma. Katika muda wa miaka mitatu hivi, ugonjwa ule ulipungua katika kundi hilo kwa 58 kwa mia, ukilinganishwa na kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa Banting sehemu hiyo ya saba ingekuwa ratili 14, naye alikuwa amekwisha kuzipunguza kabla ya mwaka 1862 kwisha, angali mnene machoni pa kila mtu. Yawezekana, basi, kuwa sehemu bora ya kazi humalizika kabla jirani hajaiona. Anayengoja sifa za watu hukata tamaa karibu na mlango.

Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Afya huandika faida yake taratibu, na kiburi hutaka risiti siku ile ile. Mwenye haraka hujinyima chakula siku kumi, mwili ukapungua maji na nyama pamoja na mafuta, kisha njaa huja kudai haki yake. Mwenye subira hutafuta jambo dogo analoweza kuishi nalo. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, hunywa kilo 13 hivi za sukari kwa mwaka, wala hana siku moja anayoweza kuikumbuka kuwa siku ya ulafi. Haba na haba hujaza kibaba, husemwa kwa kusifu akiba. Mwili nao huweka akiba kwa kanuni hiyo hiyo, na kwa kanuni hiyo hiyo hukubali kuitoa.

Jirani atauliza tu kwamba mtu huyu amepatwa na nini. Swali hilo halina ubaya; huruma ndiyo iliyolizaa. Aliyepunguza kwa kiasi anaweza kulijibu bila hasira, kwamba hakupatwa na kitu, bali amefanya.