Pesa ya leo na homa ya usiku

Mjini Goma, wazee wana neno moja juu ya vijana wa pikipiki: pesa hailali mfukoni mwao. Kijana anabeba watu tangu asubuhi, anampa mwenye pikipiki pesa yake ya siku, na kinachobaki kinaisha usiku huohuo: mishikaki, bia, mega za simu na kamari ya mpira.

Kijana mmoja wa miaka 22, mzaliwa wa Masisi, anaishi hivyo huko Ndosho. Mama yake akimwuliza, "Mwanangu, kesho tutakula nini?", yeye hujibu, "Mama, kesho ni ya nani?"

Jibu hilo linaudhi, lakini lina chanzo. Baba yake alikuwa mtu wa akiba. Kila alipouza maharage alinunua mbuzi, mwishowe akapata ng'ombe wawili. Vita vilipofika kijijini, familia ilikimbia na godoro na sufuria. Ng'ombe hawakuonekana tena. Kisha mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025 vita viliingia Goma, benki zikafunga milango, na hata wenye akaunti wakakosa pesa ya unga. Kijana aliona hayo yote. Kwake, pesa iliyokwisha kuliwa ndiyo pekee isiyoporwa.

Halafu usiku mmoja dada yake mdogo akashikwa na homa kali. Siku hiyo kijana alikuwa ameingiza zaidi ya franga 20,000. Mfukoni hakukuwa hata na 500.

Mama, muuza ndizi, alitoka gizani akagonga mlango wa jirani. Yeye yumo katika kikundi cha akiba, kile watu wanaita AVEC. Kila juma wanawake hao wanaweka kidogo, na pembeni kuna mfuko wa ugonjwa na msiba. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Usiku huo wamama watatu waliamka, kila mmoja na ufunguo wake, na mtoto akapata dawa kabla ya jua kutoka.

"Na vita vikirudi?" kijana aliuliza.

"Safari ile tulisikia risasi, tukagawana haraka," mama alijibu. "Kila mmoja alikimbia na chake. Tulipoonana tena, tulianza upya."

Sasa kila jioni, kabla ya kwenda kwa marafiki, kijana anapita nyumbani na kumwachia mama franga 2,000. Jumamosi bado anacheza kamari ya mpira, na mara nyingi anapoteza. Lakini zile 2,000 hazigusi.

Mzazi anayechoka kugombana na kijana juu ya pesa anaweza kwanza kumwuliza ni akiba gani aliyoiona ikipotea. Kisha amwonyeshe sanduku, na watu wanaoshika funguo.