Saa Tisa Mpaka Saa Tatu

Wadau, nimepotea kidogo. Mazoezi ya kufundisha yalinibana, halafu nimerudi chuo nakuta semina zinanisubiri. Ila leo nina la moyoni.

Nilipangiwa shule ya kata huku huku Dar, Historia Kidato cha Pili. Kulikuwa na dogo mmoja, nimwite Sele (siyo jina lake). Kichwa kweli kweli, anajibu kabla sijamaliza swali. Lakini Alhamisi na Ijumaa haonekani. Mimi naandika tu kwenye daftari la mahudhurio: hayupo, hayupo. Nikajiona mwalimu makini, kumbe karani tu.

Wiki ya tano naingia darasani, kimya. Sele kakamatwa usiku na simu ya watu. Wananchi wenye hasira kali walishaanza kazi yao, akaokolewa na mama muuza vitumbua aliyejitupa katikati. Mkono umevunjika. Miaka kumi na tano, jamani!

Ofisi ya walimu ikasema kwa sauti moja: Panya Road huyo. Jina hilo lililikimbiza jiji Januari 2015, likarudi tena 2022, na kila likirudi dawa inayotajwa ni msako. Sawa, ila kabla ya msako kulikuwa na nini? Shule inatoka saa tisa. Mama yake Sele anarudi kutoka sokoni saa tatu usiku. Hizo saa sita ni za nani?

Nikakumbuka MYSA, tuliyowahi kuisoma darasani. Ilianza mwaka 1987 Mathare, Nairobi, mwanzilishi akiwa Mkanada, Bob Munro. Wengi tunajua mpira wake tu, maana timu iliyozaliwa humo, Mathare United, ilichukua ubingwa wa Kenya 2008. Lakini ujanja wake haukuwa mpira. Timu ilipata pointi za ligi kwa kuzoa takataka na kuzibua mitaro mtaani kwao. Kijana aliyejitolea, kwa ukocha au uamuzi, alikusanya pointi zake mwenyewe, na pointi hizo zikamlipia ada, hela ikienda moja kwa moja shuleni. Mwaka 1992 wasichana nao wakaingia.

Mwanzo nilidhani wape mpira, basi. Hapana. Mtaani kwa Sele uwanja upo, na hao waliomfundisha kuiba alikutana nao hapo hapo uwanjani! Mpira peke yake unakusanya watu tu. Kinachomshika kijana ni kujua kwamba asipofika, kuna kitu hakifanyiki.

Zilibaki wiki tatu. Nikaomba mpira kwa mwalimu wa michezo, nikaweka sharti: kufagia uwanja na kuzibua mtaro kwanza, ndipo tucheze, na usafi una pointi. Mkuu wa shule alikubali Sele arudi kwa masharti. Alikuja na plasta mkononi, hawezi kucheza. Nikampa daftari: andika nani kaja, nani hakuja, nani kafagia. Aliniangalia, akauliza, "Mimi, mwalimu?" Nikamwambia ndiyo, wewe. Daftari lile lile lililokuwa linamwandika yeye hayupo.

Sijawa shujaa, wadau. Nilikaa wiki nane, nikaondoka, na mipango mingi ya vijana hufa hivyo hivyo, mwenye nayo akipanda basi. Ndiyo maana daftari sikuliacha kwa mwalimu.

Jana nimepiga simu kuulizia. Jumamosi moja walikuja tisa tu. Sele alikosa mara mbili mfululizo, nikaishiwa nguvu. Mara ya tatu akafika, kabla ya wote, na daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Zile siku mbili alizokosa, kajiandika mwenyewe: hayupo.

Haya, ngoja nikalale, kesho semina saa moja asubuhi. Tuko pamoja.