Alikataa Simu Kali, Akachagua "Tofali"

Kuna sista mmoja hapa Dar, wodi ya wazazi, wenzake wanamwita Mama Bando. Sio kwamba anauza vocha. Ni kwamba kwa karibu miaka mitatu simu yake ndiyo ilikuwa simu ya wodi. Bando lake ndilo bando la wodi, na chaji yake ikikata saa nane usiku, basi wodi nzima imekata. Simu ya mezani ipo, ila waya wake unaishia dawatini, na mgonjwa anayezidiwa huwa hayupo dawatini.

Kwa simu hiyo hiyo ya kwake alikuwa anampigia daktari wa zamu, anaulizia majibu maabara, anapokea rosta, na anatuma picha za vidonda kwenye grupu la WhatsApp ili daktari aangalie akiwa wodi nyingine. Namba yake ikazagaa kwa ndugu wa wagonjwa. Kuna baba mmoja mkewe aliruhusiwa mwezi wa pili, mwezi wa sita bado anatuma "Mambo sista, umeamkaje". Sista kam-block mara mbili, jamaa karudi na laini nyingine. Watu wakisikia "nesi yuko bize na simu" wanafikiri anachati na mpenzi, kumbe nusu ya muda anakwepa waume za watu.

Siku moja mdogo wake wa kiume akaazima simu arekodi video ya TikTok. Kuingia kwenye picha achague moja, akakutana na mshono wa operesheni, na pembeni yake faili lenye jina kamili la mama wa watu. WhatsApp ilikuwa inajihifadhia kila picha yenyewe, na sista hakuwahi kuzima. Kijana hakuposti kitu, alirudisha simu huku uso umemshuka, akasema tu, "Dada, hii sio poa." Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ziko kwenye kundi nyeti. WhatsApp wanafunga ujumbe njiani ndiyo, lakini picha ikishatua kwenye simu, mlinzi pekee ni wewe na mdogo wako.

Halafu ukaja ule usiku. Mama amejifungua salama, mara damu ikaanza kumwagika. Kwa wasiojua, kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaongoza duniani kwa kuua wazazi, na mambo yanabadilika ndani ya dakika. Mwenzake kakimbilia dawa. Sista mikono yote miwili iko kazini, anasugua tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, glavu zimelowa damu, simu iko mfukoni. Akamwita dada wa usafi aitoe. Simu inataka alama ya kidole, kidole kiko ndani ya glavu. Skrini ikaomba PIN. Sista akaitaja kwa sauti, wodi nzima ikaisikia, dada wa usafi akampigia daktari na kuweka spika. Daktari alifika, mama akapona, mtoto mzima. Ila kesho yake sista alibadilisha PIN ya simu, na ya pesa pia, maana zilikuwa zinafanana.

Kwa hiyo hospitali ilipotangaza kwamba itanunua simu za wauguzi, kila mtu alifurahi, hadi picha zikatumwa kwenye grupu. Jamaa wa manunuzi alikuja na simu nyembamba, inang'aa, kamera kali, ile ambayo mjini kila mtu anaitaka. Masista wenyewe waliitaka. Tusidanganyane, nani atakataa simu mpya ya bure?

Mama Bando alikuja kikaoni na boksi la glavu, chupa ya spiriti na bakuli la maji. Akavaa glavu, akachovya mkono, akajaribu kupiga simu. Skrini ikarukaruka, ikafungua kamera. Akarudia, ikafungua kikokotoo. Akauliza betri inatokaje. Haitoki. Basi ikiisha usiku wa manane, simu inakaa ukutani inachaji, na muuguzi anabaki mtupu. Akauliza kama itavumilia kufutwa kwa spiriti kila baada ya mgonjwa, siku nzima, kila siku. Jamaa akasema watanunua kava. Kava la mpira lenye mikunjo, ambalo uchafu unajificha ndani! Matroni hapo ndipo alipovua miwani.

"Sasa dada, unayoitaka wewe ni simu ya mafundi ujenzi," jamaa akasema.

"Bosi, njoo ulale na sisi usiku mmoja tu, kisha uchague wewe."

Hakwenda, lakini alirudi na orodha nyingine. Zipo simu zilizotengenezwa kwa ajili ya hospitali kabisa, za kampuni kama Ascom, Zebra na Spectralink: plastiki inayovumilia dawa za kuua vijidudu, betri ya kubadilisha, nyingine zina kisoma msimbopau. Ni nzuri mno, na bei yake ilifanya kikao kinyamaze. Mtu mmoja akapendekeza kitochi, watu wakacheka, ila kwa kweli kitochi kinastahili heshima. Vitufe vinabonyezeka hata na glavu iliyolowa, chaji inakaa siku kadhaa, na namba ya daktari unaiweka kwenye kitufe kimoja. Kama shida ingekuwa kupiga tu, mjadala ungeishia hapo. Lakini majibu ya maabara na picha za vidonda zinatakiwa zipite mahali salama, na kitochi hapo kinagoma.

Wanaodhani hospitali za Bongo tu ndizo zimechelewa, wakumbuke Uingereza. Mwaka 2019 waziri wao wa afya alitoa agizo kwamba hospitali za umma ziachane na peja ifikapo mwisho wa 2021, na wakati huo zilikuwa na peja kama 130,000. Peja! Kifaa ambacho vijana wengi hapa hawajawahi kukishika.

Walichochagua mwishowe ni Samsung XCover, lile tofali ambalo halijawahi kupata laiki kwa mtu yeyote Instagram. Betri unaichomoa kwa ukucha, unaweka nyingine, kazi inaendelea. Kiwango chake ni IP68, maana yake vumbi haliingii na maji linavumilia. Skrini ina hali ya kutumia ukiwa na glavu. Pembeni kuna kitufe unachoweza kukipangia kazi, wakakipangia programu ya kuongea kama redio kolu.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia lilikuwa kuta. Kijana wa TEHAMA na Mama Bando walizunguka jengo lote na simu moja ya majaribio wakitazama alama za mtandao, wakagundua kwamba kwenye korido kati ya chumba cha kujifungulia na chumba cha upasuaji waifai inakufa kabisa. Yaani pale pale ambapo kitanda kinasukumwa kwa mbio. Wangenunua hata simu ya dhahabu ingekuwa bubu. Ikabidi kwanza kifungwe kifaa kingine cha waifai darini.

Simu sasa si ya mtu, ni ya zamu. Kwenye majina hakuna dokta fulani, kuna "Daktari wa zamu" na "Maabara", na zamu ikibadilika simu inakabidhiwa kama funguo za kabati la dawa. Picha haziingii kwenye hifadhi ya simu, zinakwenda moja kwa moja kwenye mfumo wa hospitali, na ikipotea TEHAMA wanaifunga wakiwa mbali. Hapo ugomvi ukaanza: kama wanaweza kuifunga wakiwa mbali, si watajua pia nani yuko chai? Masista hawakusaini mpaka ikaandikwa kwenye karatasi kwamba mahali simu ilipo patatafutwa tu ikiripotiwa imepotea. Walifanya vizuri kubana, maana simu ya kazi ikigeuka kamba ya shingoni, watu wataisahau kwenye droo makusudi.

Wodi ya wazazi wamepata nne, na betri za akiba. Mama Bando siku hizi anaacha simu yake kwenye loka, bando linafika hadi Jumapili.

Wodi ya watoto bado. Wameambiwa wasubiri bajeti ijayo, na grupu lao la WhatsApp lina watu 61, wakiwemo wawili walioacha kazi mwaka jana.